Kadi Mbili za Michezo na Rangi Isiyotajwa

Umeme umerudi, lakini Zuleica Assane hauamini. Anachomeka balbu kwanza na kuikodolea macho. Balbu ikitulia, anagusa swichi ya kompyuta, mkono wa pili ukiwa kwenye waya wa ukutani, tayari kuuchomoa.

"Juzi ulirudi hivihivi, kwa upole," anasema. "Ukaniunguzia redio ya mtu."

Ni asubuhi mjini Mocímboa da Praia, ndani ya kibanda cha bati kando ya barabara inayoshuka bandarini. Nje wapagazi wanabishana juu ya magunia ya mihogo mikavu. Ndani, juu ya meza, zimelala kadi mbili za michoro. Huku wanaiita placa, na ndicho kifaa kinachochora picha za mchezo kwenye skrini. Placa ikiwa dhaifu, mchezaji anapiga shuti leo, mpira unaingia wavuni kesho.

Moja ni mpya, imo kwenye sanduku lenye nailoni isiyoguswa. Nyingine ni kuukuu, imejaa vumbi na feni yake moja imepasuka pembeni. Zuleica ana fedha za kununua moja tu.

Fundi huyu wa simu na kompyuta, mwenye umri wa miaka 36, anataka kufungua chumba cha michezo. Viti vipo, skrini ipo, kompyuta ipo. Kinachokosekana ni placa ya kuiwezesha kompyuta hiyo kubeba mchezo wa mpira ambao vijana wote wa mji wanautaka. Siku nzuri ya kutengeneza simu humwingizia meticali mia nne, na fedha iliyopo ameiweka kidogo kidogo kwa miaka miwili.

"Nikikosea hapa, sifungui," anasema. "Hakuna mara ya pili."

Zuleica hamwamini mtu, na hafichi. Hata mwandishi huyu hakupokelewa kwa mikono miwili. Alitakiwa kuonyesha kitambulisho, kisha kumpigia simu mhariri wake, sauti isikike kwa wote. Mhariri alipojibu, fundi akauliza, "Nitajuaje kama huyo si rafiki yako tu?" Swali zuri. Mpaka leo halijapata jibu.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mwaka 2020, mji ulipokimbiwa kwa vita, Zuleica aliondoka na mtoto mgongoni akaacha duka lake lenye kompyuta tatu na simu za wateja. Aliporudi kutoka Pemba, mji wa kusini mwa hapa, si kile kisiwa, alikuta kuta tupu. Kisha akaanza kuviona vitu vyake.

"Nilikwenda kumpa pole jirani, nikakaribishwa kwenye kiti changu mwenyewe. Nakijua, mguu mmoja nilikuwa nimeupiga msumari mimi. Nikaletewa chai, nikanywa. Ungefanyaje? Labda na yeye alikinunua."

Wateja nao hawamwamini. Kila anayeleta kifaa huogopa fundi atang'oa kipande kizima na kupachika kibovu. Kwa hiyo tangu zamani Zuleica ana utaratibu wake: mteja huja na rangi ya kucha kutoka nyumbani, huchagua skrubu anayotaka kwenye kipande anachohofia kubadilishiwa, hupaka mwenyewe. Akirudi, hukagua rangi yake kabla ya kulipa. Hakuna anayemwona mwenzake mbaya kwa sababu wote wameshukiana tangu mwanzo.

Placa mpya imeletwa na baba mkwe wake, Mzee Chamsudine, mfanyabiashara anayevuka Ruvuma kwenda Mtwara kufuata bidhaa. Alisikia kuwa mkwewe anataka kununua placa kwa kijana wa Mueda, mji wa bara kwenye nyanda za juu, akakasirika. Akaenda kutafuta ya kwake. Anaiuza meticali elfu nane.

"Mtu wa Mueda ataipata wapi placa?" anauliza mzee, ameketi kwenye benchi, fimbo katikati ya magoti. "Iulize hiyo imetoka nyumba gani. Hii yangu umeona nailoni yake. Naikata mbele yako."

Zuleica anaitikia, "Ndiyo, baba," na kuinamisha macho. Hapo ndipo ugumu ulipo. Mkwe ni mtu wa heshima. Mumewe Zuleica ni dereva huko Palma, na asipokuwepo, mzee ndiye mwenye neno. Kumwambia kuwa kitu chake kina shaka ni sawa na kumwambia kuwa yeye mwenyewe ana shaka.

Lakini kupima atapima. Masharti yake hayabadiliki: mashine ileile, mchezo uleule, uwanja uleule uliojaa watu na mvua inanyesha. Kwenye kona ya skrini kuna tarakimu inayoonyesha picha zinazochorwa kwa sekunde. Ikiwa sitini, mchezo unateleza. Ikiwa ishirini, wachezaji wanatembea kwa kigugumizi.

Anapima kwa mpira na magari tu. Michezo ya bunduki hairuhusu kibandani kwake. Aliwahi kuijaribu kwenye kompyuta ya mteja na kusahau kuzima spika, na mtaa mzima ukakimbilia kwenye mikoko. "Mama mmoja alikimbia na mtoto wa mwenziwe," anasema. Hacheki.

Placa mpya inaanza vizuri. Jina linalotokea kwenye skrini ndilo lililoandikwa kwenye sanduku, na kumbukumbu ni giga nane, kama ilivyoahidiwa. Mzee anatabasamu. Zuleica anaongeza mvua. Anaongeza watazamaji. Tarakimu inashuka, hamsini, thelathini, kumi na tisa. Golikipa anabaki nusu mwili. Skrini inageuka kijani kibichi, kisha kompyuta inajizima na kuwaka upya.

"Umeme huo," anasema mzee.

"Labda, baba."

Anarudia. Inaanguka palepale. Anarudia tena, jicho likiwa kwenye kipimo cha kumbukumbu, kisha ananisogelea na kuninong'oneza: "Inasema ina giga nane. Ikibebeshwa mbili na kidogo, inaanguka. Hii ni placa ya zamani, mtu ameiandikia jina la nyingine."

Anatoka nje, kama anayekwenda kununua mandazi.

Anayeuza mandazi hapo jirani ni Bi Nazira, binti wa mjomba wa Mzee Chamsudine. Kwa mila za huku hao ni watani, na mtani ana ruhusa ya kusema lile ambalo wengine wote wakilisema watagombana. Dakika mbili baadaye anaingia, mikono yote ina unga.

"Mtani! Ndiyo hii uliyovuka nayo mto?" anapaza sauti. "Umeuziwa kikongwe kimevishwa nguo za bwana harusi!"

"Toka hapa, mchawi wewe," anajibu mzee, na tayari anacheka, maana utani haununiwi.

"Nitoke niende wapi? Mfunue basi tumwone sura, kama unajiamini!"

Mzee anafuta machozi ya kicheko. "Mfungulie, mwanangu, huyu mwanamke anyamaze."

Ruhusa imepatikana. Zuleica analegeza skrubu, anaondoa feni na bati la kupoozea. Katikati kuna kipande cheusi kinachofanya kazi yote, ambacho kwa kawaida huwa na maandishi ya kiwandani. Hiki hakina. Kimeparuzwa kwa msasa, mikwaruzo bado inang'aa.

Mzee anaitazama kwa muda mrefu. "Nilivuka nayo mapajani," anasema taratibu. "Nikaifunika kanga isinyeshewe." Bi Nazira anajipangusa unga mikononi. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema wahenga, lakini mzee naye alikuwa ameliwa, na fedha alizotoa Mtwara zilikuwa halisi. Zuleica alikiri baadaye kuwa pale alitamani ile placa ingekuwa nzima, akosee yeye.

Mzee amekubali jina lake litajwe gazetini kwa sharti moja: iandikwe kuwa sanduku lilikuwa zuri. Sanduku lilikuwa zuri.

Milton, kijana wa Mueda, anafika jua limeshakuwa kali. Ana miaka 29. Hakai. Anaegemea mlango na begi lake mgongoni, na mzee hamtazami.

"Bom dia, mana Zuleica," anasalimia, akimwita dada kwa Kireno. "Umeshaipima?"

"Sasa hivi. Simama hapo nikuone."

Placa kuukuu inawaka kwa kelele, feni yake ikikoroma kama kuku mwenye mafua. Lakini tarakimu inasimama kwenye hamsini na nane. Mvua inaongezwa, inashuka hadi arobaini na nane na kukaa hapo. Uwanja unajaa, wachezaji wana miili yao yote. Haianguki. Kasoro zake ni za wazi: inakula umeme zaidi, inataka waya wake wa pekee, na joto linapanda hadi nyuzi themanini na sita. Zuleica anaigusa mgongoni kwa kucha. Dawa ya kupitisha joto imekauka, anasema, ikibadilishwa itapoa.

Bei ni elfu tano na mia tano. Mtu mwingine angelipa na kushukuru. Zuleica anakunja uso.

"Kitu kizuri kwa bei hii lazima kina kasoro," anasema. "Kama haimo kwenye kitu, imo kwa mwenye kitu. Umesema uliipata wapi?"

"Ofisini Palma. Walikuwa wanafunga, wakauza vitu."

"Ofisi gani inacheza mpira?"

Milton anavuta kamba ya begi lake. Zuleica anachukua brashi na kuanza kusugua vumbi lililoganda na mafuta karibu na skrubu za nyuma. Anasugua moja, anakwenda ya pili. Kwenye ya tatu anasita, na kuifunika kwa kidole gumba.

Chini ya uchafu kuna rangi ya kucha.

Rangi hiyo gazeti hili halitaitaja. Zuleica alinitaka niifute kwenye daftari mbele yake, nikaifuta. Inatosha kusema kuwa hakuna mteja mwingine aliyewahi kuichagua. Aliyeichagua alikuwa Nuro, aliyekuwa na duka la kuchapisha na michezo karibu na bandari, mtu wa kwanza kumpa Zuleica kazi wakati wengine walipocheka kumwona mwanamke na bisibisi. Kichupa kilikuwa cha mkewe, cha sikukuu ya Idi. Tangu mji ulipokimbiwa, hakuna aliyesikia habari za Nuro wala za mkewe.

"Milton," anasema Zuleica, kidole hakijatoka. "Placa hii naijua. Si ya ofisi."

Kijana anabadilika rangi. Mzee anaifinya fimbo yake. "Sikusema?" anasema.

"Sikuiba," anasema Milton. "Então, basi, nitasema. Niliinunua Pemba, sokoni, kwa mama mmoja, deslocada, katika wale waliokimbia vita. Aliificha ndani ya gunia la mchele. Alisema mumewe akijua atamgombeza. Nikasema ofisi kwa sababu sisi wa Mueda tukisema tumenunua kwa waliokimbia, mnasema tumewaibia."

"Jina lake?"

"Sikuuliza. Nani alikuwa anauliza jina wakati ule?"

"Alikuwaje?"

"Mwembamba. Wote walikuwa wembamba, mana."

Inawezekana ni kweli. Inawezekana pia ni hadithi ya mtu aliyebanwa, na mwandishi huyu, aliyekuwa karibu naye, hakuweza kujua. Mama mwenye mume wa kumgombeza ni mama ambaye mumewe yuko hai. Zuleica alilisikia hilo, nikamwona analisikia. Ndilo lililomfanya amshuku Milton zaidi, maana lilikuwa jambo alilotamani mno kuliamini.

"Unaniona mwizi," anasema Milton.

"Nakuona mtu. Watu ndio wanaoiba."

Hata hivyo anamlipa. Lakini anamlipa mbele ya Bi Nazira na baba mkwe, na kusema kwa sauti ili wapagazi wa nje pia wasikie: placa hii ina mwenyewe, na mimi nimeishika tu. Milton anahesabu fedha zake, anawaaga wote, hata mzee. Mzee anaitikia, kwa shida.

Chumba kilifunguliwa Ijumaa, baada ya sala. Nilirudi kukiona. Vijana wamebanana kwenye viti, tarakimu inasimama kwenye hamsini na kitu, na placa imepoa tangu ilipobadilishwa dawa. Ukutani, mbele kabisa, kuna kibao cha Kiswahili na Kireno: Placa ya Nuro ipo hapa. Mwenyewe aje, au mtu wake.

Mzee Chamsudine anaona ni wazimu. "Umenunua kitu, halafu unaita watu waje wakichukue?"

Wadai wameshakuja. Zuleica huwauliza swali moja tu: imepakwa rangi gani? Mmoja alisema nyekundu. Wa pili aliapa kuwa placa zote ni nyeusi. Wa tatu, aliyejiita binamu wa Nuro, alitaja rangi nne kwa mkupuo na kukosa zote.

"Ndiyo maana nilikufutisha," ananiambia. "Sasa tunaojua ni watatu tu, mimi, wewe na Mungu. Na Nuro na mkewe, kama wapo."

Namuuliza ana mpango gani. Anasema akipata faida atanunua placa nyingine, ya kwake, na hiyo ya Nuro ataifunga kwenye kitambaa na kuiweka. Kisha anaongeza, hatazami kibao wala mimi.

"Nimehangaika kupata placa, na sasa naomba idaiwe. Siku mtu ataingia hapo akaitaja rangi, nitaizima mashine hata kama ni penalti. Vijana watanitukana. Watukane. Nitakuwa nimejua kuwa wako hai."

Mlangoni amesimama mwanamke mgeni, mwembamba, na vumbi la safari kwenye kanga. Anakisoma kibao kwa midomo, polepole. Zuleica anainuka.

"Karibu, mama."

Mwanamke anatazama ndani, anawatazama vijana, anamtazama fundi.

"Samahani," anasema. "Mnachaji simu hapa?"

Zuleica bado amesimama. "Tunachaji," anasema, na kuipokea simu kwa mikono miwili.