Landrova Iliyohukumiwa kwa Sheria ya Minazi

Miaka ya themanini ilipoanza nilikuwa na makao Malindi, nyuma ya gereji moja, ndani ya landrova isiyo na injini wala magurudumu. Shule nilikuwa nimeipa kisogo zamani. Kwa kuwa nilizungukwa na mizoga ya magari na sikuwa na kazi ya maana, nikajifunza kutambua kipi kilitoka kiwandani na kipi kilibandikwa baadaye. Ujuzi huo haukunifaa kitu, hadi alipokuja mama mmoja kutoka upande wa Kaloleni akimuulizia "yule anayezikagua landrova".

Babake alikuwa amefariki na kuacha landrova kuukuu. Mama huyo alirudi nyumbani kutoka kwa mume akiwa na watoto, na tangu hapo yeye ndiye aliyeiendesha: nazi kwenda Mariakani, wagonjwa kwenda Kilifi. Ndiyo iliyowalisha. Sasa baba yake mdogo aliitaka, kwa hoja kwamba mali ya marehemu humwendea ndugu yake. Binti akajibu kwamba karibu kila chuma alikitia yeye.

Wazee wa mji wakaamua kutumia sheria wanayoijua. Huku pwani ardhi huweza kuwa yangu na minazi iliyo juu yake ikawa yako, maadamu uliipanda wewe. Basi alichokiacha marehemu kikaitwa ardhi, cha baba mdogo. Alichobadilisha binti kikaitwa minazi, chake mwenyewe. Kilichobaki ni kumpata mtu wa kutenganisha.

Niliwakuta wazee bandani wamezunguka kibuyu cha tembo la mnazi, mirija mdomoni. Gari lilikuwa limeoshwa kama mshtakiwa anayepelekwa mahakamani. Nikatoa sumaku niliyoing'oa kwenye redio mbovu, nikaeleza kwamba bodi ya landrova ya zamani ni aluminiamu, sumaku haishiki. Ikishika, bati hilo limechongwa na fundi wetu wa hapa hapa.

"Redio yenyewe ilikuwa ikishika stesheni ya wapi?" akauliza mzee wa baraza.

"Nairobi, mzee."

"Mh. Endelea, lakini sumaku hiyo tunaitazama."

Kwenye madigadi sumaku ikashika. "Mnazi wa binti," mzee akatangaza. Kwenye mlango wa dereva haikushika, na baba mdogo, mtu mnene aliyevaa koti juani, akatabasamu. Nikaukwaruza kwa msumari. Chini ya rangi ya kijani palikuwa na bluu, ilhali kwingine chini ya kijani palikuwa na rangi ya mchanga. Mlango wa gari jingine.

"Wa kwanza ulikwenda wapi?"

"Muulizeni baba mdogo," akasema binti. "Alirudi nao kutoka harusini umekunjwa kama chapati."

Wazee wakavuta mirija kwa pamoja. Ndivyo wanavyocheka bila kumvunjia mtu heshima.

Taa zilikaa kwenye madigadi, hali landrova ya umri ule taa zake hukaa katikati, karibu karibu kama macho ya bundi. Injini ilikuwa ya pikapu ya Kijapani. Shahidi hakukosekana kwa lolote, maana kila aliyekuwepo aliwahi kulisukuma gari lile.

"Kwani ardhi yangu iko wapi?" akauliza baba mdogo.

Nikaingia uvunguni. Namba iliyochapwa kwenye chasisi ilikuwa ileile ya kwenye kibati cha dashibodi, na kibati chenyewe bado kilishikwa na ribiti zake za kale. Nikatoka nikasema chasisi ni ya asili.

"Ardhi hiyo imepatikana," akasema baba mdogo. "Haya, mwanangu, ng'oa minazi yako."

Binti aliufumbata ufunguo. Mzee wa baraza ndiye aliyejibu.

"Mwenye ardhi hamwamrishi mwenye minazi aing'oe. Wala hamfungii njia ya kwenda kuangua."

"Mpaka lini?"

"Mpaka ife."

"Na kupanda mipya?"

Mzee akautoa mrija mdomoni. "Hiyo ni kwa ruhusa ya mwenye ardhi."

Baba mdogo akaondoka ameridhika. Kuanzia hapo akawa anakuja kila asubuhi kuisikiliza injini ikikohoa, akiulizia hali yake kwa upole wa mrithi. Klachi ilipokwisha, akakataa kutoa ruhusa ya kutia mpya. Landrova ikakaa. Nazi za baba mdogo nazo zikakaa: zikarundikana uani hadi zikaanza kuota, na wakeze wawili wakawa hawamsemeshi ila kumuuliza kama zile ni ardhi au ni minazi.

Siku moja nikamwona Malindi, koti begani.

"Kijana, klachi ya landrova inapatikana?"

"Ya asili?"

"Inayokwenda."

Tulipoifikisha, akataka aifunge yeye. Binti akaishika. "La, baba mdogo. Ukiitia wewe utakuwa mnazi wako, na kesho utataka kuuangua mimi nikiwa njiani. Toa ruhusa tu."

Akaitoa, kwa sauti ya chini. Wakarudishwa wazee washuhudie, wakaja na kibuyu chao. Binti akalala chini ya gari, spana mkononi. Baba mdogo akachutama mbele yao wote, akiwa amelishikilia jiwe nyuma ya gurudumu, gari lisije likamrudia mwanawe.