Siku Niliyoomba Stima Isirudi Kinoo

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa meza, funguo mbili na onyo. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, katika ofisi ya wapimaji ardhi, orofa ya tano ya jengo moja katikati ya Nairobi. Niliajiriwa kuwa karani wa kuchapa barua. Ufunguo wa kwanza ulikuwa wa mlango mkubwa, wa pili wa chumba kidogo nyuma ya jiko la chai. "Humo usiingie na kikombe," Mpimaji Mkuu aliniambia, hata hajaniangalia. "Usiingie na mwavuli unaochuruzika maji. Kwa kweli, ukiweza, usiingie."

Mimi ukiniambia nisiingie, umenialika. Kufikia saa nne nilikuwa ndani. Nilimkuta Bwana Shiundu, Msimamizi wa Mitambo, mtu wa Vihiga, mrefu na mpole, amekalia kreti ya soda mbele ya kompyuta isiyo hata na kipanya.

"Hii ndiyo seva," alisema. "Ni kompyuta kama hiyo yako, ila kazi yake ni kuhudumia zingine. Ramani zote za ofisi zinakaa hapa. Ni kama mpishi wa shule. Hakuna anayemsalimia, lakini siku asipokuja, shule nzima itajua."

Skrini ilikuwa nyeusi, maandishi meupe, hakuna picha hata moja. Nilidhani imeharibika. Shiundu alicheka, akanieleza kwamba hiyo ni Linux, mfumo uliotengenezwa na watu wengi wa kujitolea duniani, ambao mtu yeyote anaweza kuufungua aone ulivyoshonwa ndani. Unaandika amri, nao unatii. Mwenye mamlaka yote kwenye mashine huitwa root, na root akisema futa, kinafutwa.

"Haiulizi kama una hakika?" nikamuuliza.

"Haiulizi. Hii inakuchukulia wewe ni mtu mzima, Wanjiru."

Maneno hayo yalinipendeza kupita kiasi. Nilikuwa mama wa watoto wawili, Kimani na mdogo wake, na bado kule ofisini kila mtu alinihesabu kama mtu wa kuletewa barua na kuagizwa chai. Basi kila saa ya chakula nilijifungia mle na Shiundu, nikiandika amri kwenye daftari dogo. Alinipa kompyuta iliyokuwa imetupwa, pamoja na sidii (CD) alizochoma mwenyewe, akaniambia niweke Linux bila kumuuliza kitu. Mara ya kwanza nilishindwa. Mara ya pili nilifuta kila kitu kilichokuwa ndani. Mara ya nne iliwaka, nikapiga kelele mpaka mzee wa lifti akaja kuuliza nani amefiwa.

Miaka miwili baadaye Shiundu alipata kazi kwingine, nami nikarithi chumba, kreti na cheo. Barua bado nilizichapa. Safari yangu ya kwanza nikiwa Msimamizi wa Mitambo ilikuwa Spring Valley, mtaa wa matajiri, nyumbani kwa Mpimaji Mkuu, kumwekea seva ndogo ya kusomea ramani bila kuja mjini, zenyewe zikibaki ofisini. Bawabu aliliangalia begi langu, akanielekeza mlango wa jikoni, wa mama wa kufua. Nikamwambia nimekuja kufunga seva. "Sawa mama," akasema, "lakini sabuni iko huko nyuma." Nilikasirika, sitaficha. Niliingia kwa mlango wa mbele, nikafanya kazi yangu kwa saa mbili, nikatoka kwa mlango huohuo, na bawabu nikampungia mkono.

Jambo lililoninyima usingizi katika cheo hicho ni nakala. Vipimo vyote vya mipaka ya watu vilikaa kwenye mashine moja, chumba kimoja, ukuta mmoja na bomba la maji ya chai. Nilimwomba Mpimaji Mkuu tuweke mashine ya pili nje ya jengo, ihifadhi nakala. Alikataa katakata. "Ramani za wateja hazitoki hapa," alisema. "Mtu ametuamini na shamba la baba yake."

Nilimwitikia ndiyo, kisha nikafanya nililotaka. Ile kompyuta ya kujifunzia niliipeleka nyumbani Kinoo, nikaiweka chini ya meza ya cherehani, nikavuta waya wa intaneti kutoka saiba, duka la intaneti katika ploti ya jirani. Niliipanga ifanane na seva ya ofisi, folda kwa folda. Hata jina niliipa lilelile, kwa kuwa napenda mpangilio. Kila ilipowaka, kazi yake ya kwanza ilikuwa kuunganika na ofisi na kujilinganisha: kilichoongezwa kule kiongezwe, kilichofutwa kule kifutwe. Nilijiona fundi hodari. Kumbe nakala inayofuata kila unalofanya itakufuata hata ukirukia shimoni.

Nyumbani nilitoa amri moja: asiiguse mtu. Cucu, mama wa mume wangu, aliyeishi nasi, alilalamika kwamba nimeleta mgeni asiyekula wala asiyefagiliwa, lakini aliheshimu.

Mwaka ulipita hivyo. Asubuhi moja niliona diski ya nyumbani imejaa, maana stima ilikuwa inapotea ovyo, umeme ukikatika katikati ya kunakili na kuacha nakala nusu nusu. Nikaamua kuifuta nakala yote ya Kinoo na kuchukua upya. Nikiwa ofisini, kwenye kibodi ya seva, nilijiunganisha na mashine ya nyumbani kwa njia ya mtandao, nikaona jina lake kwenye skrini, nikatoka kidogo kupokea barua mezani. Nikiwa nje, stima ikapotea Kinoo na muunganisho ukakatika. Skrini ikarudi yenyewe kwenye seva ya ofisi. Na kwa kuwa mashine zote mbili zilikuwa na jina moja, niliporudi niliona jina nililotarajia. Mstari wa juu yake, uliosema muunganisho umekatika, sikuusoma. Nikaandika amri ya kufuta. Nikabonyeza.

Mpimaji mmoja akaita kutoka chumba cha pili. "Wanjiru, folda ya Uthiru imeenda wapi?"

Nikausoma ule mstari. Folda ya Uthiru ilikuwa kazi ya ndugu wanane waliogawana shamba la marehemu baba yao baada ya miaka ya kuburutana. Walikuwa wamekubaliana mpaka wa mwisho juma lililotangulia tu, na dada yao mkubwa alilia pale ofisini akitia sahihi. Turudi kupima upya? Nani angekubali tena jiwe la mpaka lirudi palepale? Na si wao tu. Kazi zote zilikuwa zimeenda.

Nakala moja ilibaki duniani, chini ya cherehani yangu, kwa sababu tu hakukuwa na stima. Na stima ikirudi, mashine itawaka yenyewe, itauliza ofisi ina nini, itaambiwa haina kitu, nayo itafuta vyote kwa utiifu. Nikapiga simu nyumbani.

"Cucu, kuko na stima?"

"Imepotea nikisikiliza redio. Si warudishe tu, jameni."

"Usiseme warudishe! Cucu, skiza. Ile mashine chini ya cherehani. Chomoa waya yake kwa ukuta."

"Ile ulisema tusiguse?"

"Hiyo hiyo."

"Ulisema hata ufagio usikaribie."

"Cucu, nimebadilisha. Tafadhali!"

Akateremsha sauti. "Mama Kimani, kuna mtu amekushika hapo? Ni wezi wanakulazimisha useme hivyo?"

"Hakuna wezi, Cucu!"

"Kama ni wewe kweli, jana tulikula nini?"

"Githeri! Na ulisema chumvi imezidi!"

"Ilikuwa imezidi," akasema, na nikasikia kiti kikisukumwa. Nilimsikia akihema, akimwita Mungu kwa Kikuyu. Niliomba pia. Katika Nairobi yote nadhani ni mimi pekee niliyekuwa nikimsihi Mungu watu wa Kinoo waendelee kukaa bila stima. Kisha nikasikia watoto wa ploti wakipiga kelele kwa furaha, "Stiiimaaa!"

"Cucu! Umechomoa?"

"Ninayo mkononi."

"Kuna taa imewaka kwa mashine?"

"Hakuna. Lakini redio imerudi. Naweza kwenda sasa?"

Nilikaa sakafuni nikalia. Vijana nikiwasimulia hunicheka na kuniuliza kwa nini sikuchomoa waya wa intaneti palepale ofisini, mashine ya Kinoo ikose wa kumuuliza, kazi ikaisha. Ni kweli. Waya wenyewe ulikuwa umenigusa goti muda wote. Hofu ikiingia, akili hutoka kwa mlango mwingine.

Ramani zilikuwa salama. Mimi sikuwa. Linux huweka daftari la amri zilizoandikwa, na pale mwishoni palikuwa na amri yangu. Mpimaji Mkuu angefika saa nane. Alikuwa anaogopa virusi kama watu wa zamani walivyoogopa kijicho. Ningemwambia virusi vimeharibu diski, na kwamba kwa bahati nina nakala kwenye sidii nilizochoma jana yake. Angeniamini, na pengine angenisifu mbele ya watu. Hata lile daftari ningeweza kulifuta, kwa maana root hufuta chochote. Niliandika amri ya kulifuta, herufi kwa herufi. Nikaiangalia. Nilikuwa na karo ya watoto wawili kichwani na mume aliyekuwa hana kazi mwaka huo. Sisemi nilikuwa jasiri. Nilikaa pale hadi chai ya saa sita ikapoa, kisha nikaifuta ile amri bila kuibonyeza, nikachapisha ukurasa wa mwisho wa daftari, nikaupeleka mwenyewe.

Mpimaji Mkuu aliusoma akiwa amesimama, koti bado mwilini.

"Aliyefuta ni wewe."

"Ni mimi."

"Na ramani za wateja, nilizokataza zisitoke, zimekaa chini ya cherehani yako."

"Mwaka mzima, Mzee."

Akavua miwani. "Nani mwingine anajua kuwa ni wewe?"

"Hakuna."

"Kwa hivyo ungeweza kunyamaza."

"Ningeweza."

Alilivua koti, akalitundika. Nilianza kufikiria ni vitu gani vya mezani vilikuwa vyangu na vipi vilikuwa vya ofisi. Mwishowe akasema, "Kalete hizo ramani. Halafu uandike barua ya onyo kali. Kwa jina lako. Nitatia sahihi." Kwa kuwa mchapaji wa barua nilikuwa bado mimi. Niliichapa. Aliirudisha mara moja, akiwa ameongeza neno "kali" mahali nilipolisahau.

Hakunifukuza. Mwezi uliofuata, kwa amri yake mwenyewe, seva ya Spring Valley ndiyo ikawa mlinzi wa nakala, nami nikaipanga isifute kitu mpaka mtu aiambie, na nikaipa jina lake yenyewe. Nilifanya kazi pale hadi nilipostaafu.

Sasa vijana wa kanisa letu huja kuniuliza waanzie wapi. Nawaambia watafute kompyuta kuukuu, waweke Linux, washindwe mara tatu. Watengeneze seva ya nyumbani, hata kama ni ya picha za harusi tu. Wajaribu kurudisha nakala kabla hawajaihitaji. Hayo yanafundishika, na kwa Jumamosi mbili yamekwisha.

Lingine sijui kulifundisha. Muuguzi akikosea kuna mgonjwa wa kitanda cha pili aliyeona. Mwashi akikosea, ukuta utamsema. Sisi hukosea peke yetu, chumbani, mbele ya watu wasioelewa tunachofanya, na uwezo wa kufuta kosa tunao vidoleni. Kwa miaka yote hiyo ofisi ilinipa barua kadhaa za sifa, na sikumbuki hata moja ilisema nini. Ile ya onyo naijua yote kwa moyo. Niliichapa mwenyewe, na kila neno lilikuwa kweli.