Misimu Minne ya Kuchonga Theluji

Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya Novemba, saa mbili na nusu asubuhi, nilipokabidhiwa viatu vya plastiki vigumu kama ndoo na kuambiwa nivivae. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Sasa nina kumi na saba na nimeacha mashindano ya ubao wa theluji. Naandika haya kwa ajili yenu wadogo mnaoanza, maana uso kwa uso sitaweza kuwaeleza. Mbele za watu sauti yangu hukatika.

Mazoezi yangu ya kwanza hayakuwa kwenye theluji. Yalikuwa mtaa wa Anderlecht, kwenye mteremko wa brashi, yaani kilima kilichotandikwa brashi za plastiki zinazomwagiwa maji ili ubao uteleze. Ukianguka, brashi zinakukwaruza na ngozi inawasha mpaka jioni. Aliyenipokea ni Mkufunzi wa Wanaoanza. Hakuniuliza jina. Alinisukuma mgongoni ghafla, nikatanguliza mguu wa kushoto nisianguke.

"Kushoto mbele," akasema. "Mwili umejibu wenyewe. Vaa."

Ubao wa mashindano si ule mpana mnaouona kwenye picha, wa kurukia hewani. Ni mrefu, mwembamba, mgumu. Miguu yote miwili inafungwa ikitazama mbele, karibu kama mtu anayetembea. Pembeni una kingo za chuma. Ukiulaza mpaka ukingo ushike theluji, ubao unapinda na kukugeuza wenyewe bila kuparaza. Hiyo ndiyo tunaita kuchonga. Ukichonga vizuri, nyuma yako unabaki mstari mwembamba kama wa kalamu. Ukiona theluji imefagiliwa kwa upana, jua uliteleza tu.

Msimu wa pili nikahamishiwa kwenye jumba la theluji ya kutengenezwa nje ya mji, chini ya Kocha Mkuu. Alikuwa mwanamke mfupi aliyewahi kushindana milimani, na sauti yake ilishinda kelele za mashine za baridi. Mgeuko wa vidole niliupata mapema. Wa kisigino, ambapo mgongo wako unaelekea theluji, ulinitesa mwaka mzima.

"Neema! Umekaa chooni tena!" alipiga kelele jumba zima likasikia. "Kiuno mbele! Choo kiko kule karibu na mkahawa!"

Wenzangu walicheka. Nilitamani theluji inimeze. Ila alisema kweli: makalio yakibaki nyuma, uzito unatoka kwenye ukingo, na ukingo unaachia.

Nyumbani shida yetu ilikuwa kofia ngumu. Haikuingia juu ya rasta zangu. Mama yangu anasuka nywele kwenye saluni moja ndani ya Galerie d'Ixelles, na kila Ijumaa kabla ya mazoezi alinisuka twende kilioni, zilale kabisa kichwani. Wateja walikuwa na maneno.

"Eh, Maman Neema, ule mutoto anaenda kufanya nini mu frigo ya bazungu?"

"Anasimama juu ya ubao, anashuka."

"Na akivunjika?"

"Bon, atapona. We kaa vizuri, unanitingishia kichwa."

Mama alinitetea mbele yao. Tukiwa peke yetu alisema mengine. Msimu huu wa nne ulipoanza alizima televisheni, akanikalisha.

"Écoute. Mwaka hii ni ya mwisho ya masomo. Ukipata ile nafasi ya kwenda milimani, mi mwenyewe nitaenda kuongea na directrice wa masomo yenu akuruhusu. Ukikosa, unaacha, unashika vitabu. Tumeelewana?"

"Ndiyo, maman."

Nafasi ilikuwa moja. Kikosi kilikuwa kinaondoka kwenda kushindana kwenye theluji ya kweli, na msichana wa mwisho angepatikana kwa mashindano ya sambamba, Jumapili, jumbani. Sambamba maana yake ni njia mbili zinazoshuka bega kwa bega, moja ya malango mekundu na moja ya bluu. Kila lango ni milingoti miwili, mmoja mfupi na mmoja mrefu, na kitambaa cha pembetatu katikati. Kwanza kila mtu anapimwa muda peke yake. Kisha wawili wenye kasi zaidi wanakutana fainali, na mwenye muda bora ndiye anayechagua njia.

Mwenye muda bora nilikuwa mimi. Wa pili alikuwa Katrien, mwanafunzi wa chuo, mwenye miaka ishirini. Katika msimu wangu wa kwanza jumbani ndiye aliyepiga magoti kunifungia viatu vidole vyangu vilipokufa ganzi. Moyoni nilimwita yaya, yaani dada mkubwa kwa lugha ya kwetu, ingawa yeye ni Mflemi, msemaji wa Kiholanzi, na neno hilo halijui.

Njia nyekundu ilikuwa imechimbika kwenye lango la tatu, shimo la urefu wa ubao mzima. Niliiona. Kila mtu aliiona. Mama alikuwa amefika chini ya mteremko kutoka kanisani, liputa, kitenge chake cha Jumapili, likichungulia chini ya koti.

Mwanzishaji akanigeukia. "Nyekundu au bluu?"

Neno lilikuwa moja tu. Nikamtazama Katrien, nikasema, "Yeye achague kwanza."

Mwanzishaji akacheka, akidhani ni mzaha. Sikucheka. Katrien akanitazama kidogo, kisha akasema, "Basi, bluu."

Tukavuta vishikio vya kuanzia, tukatoka. Malango mawili nilimtangulia. Kwenye la tatu, mgeuko wa kisigino, ubao ulidunda shimoni, ukingo ukaachia, nyonga ikagonga theluji. Niliinuka nikamaliza, kwa sababu tulifundishwa kumaliza. Katrien alikuwa ameshavua miwani.

Kocha Mkuu hakupiga kelele. Hilo ndilo lililoniumiza.

"Nani alikuambia ugawe haki yako?"

"Hakuna."

"Kanuni inakupa neno moja pale juu. Moja! Nawe ukalitoa zawadi."

Kwenye treni Mama alikaa mbele yangu, mfuko wa ubao kati ya magoti yetu.

"Juu ya nini ulimupatia achague?"

"Ni mukubwa, maman. We ndiye ulinifundisha."

"Mi nilikufundisha kumupatia mukubwa kiti. Njia yako, sikusema."

Sikumwomba alegeze sharti, naye hakulegeza. Tulikuwa tumeelewana.

Watu watawaambia nilishindwa kwa sababu ya heshima. Ningependa iwe hivyo. Lakini nikiwa peke yangu najiuliza kama ilikuwa heshima kweli, au niliogopa tu sauti yangu, nikaipa aibu yangu jina zuri. Sijui bado. Kisigino nilikisahihisha kwa mwaka mmoja. Hili lingehitaji muda zaidi, na muda umekwisha. Ninyi mnao. Mkiulizwa, jibuni.

Asubuhi iliyofuata nilitoka mapema, nikashuka kituo cha treni cha Gare du Nord. Basi la kikosi lilikuwa limeegeshwa upande wa maghorofa ya ofisi. Shule za Kiflemi zilikuwa zimefunga, zetu za Kifaransa bado. Katrien alikuwa anasukuma mbao zake kwenye buti la basi. Aliponiona alisimama wima, uso ukamwiva.

"Umekuja?"

"Kwenye kisigino unachelewa," nikamwambia. "Unasubiri lango. Milimani mteremko ni mkali zaidi, utatupwa nje. Anza kugeuka kabla hujalifikia."

"Mbona hukuniambia siku zote hizi?"

"Hukuuliza."

Akacheka, kisha kicheko kikamwisha. "Neema. Jana ungechagua ipi?"

"Bluu," nikasema kwa sauti.

Dereva aliyekuwa anafunga buti akageuka kunitazama. Katrien akatikisa kichwa, akapanda. Nikasubiri basi lipinde kona, kisha nikaenda shule. Saa ya kwanza tulikuwa na jaribio la hesabu.