Ulanzi Haungoji Paa

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, ambayo kijiji kizima kilikusanyika kupaua nyumba, na kitu pekee kilichokosekana kilikuwa paa.

Nimeikumbuka kwa sababu ya simu yako ya juzi. Ulinipigia kutoka Makambako, kutoka hiyo nyumba ya wageni unakokaa mapokezi, ukasema kwa sauti ya kuku aliyenyeshewa: "Baba, bosi ameniachia ugeni wa kwaya nzima. Vyumba, chakula, gari la kuwatoa stesheni, vyote mimi. Na pampu ya maji imekufa, vyumba vya nyuma ni vikavu, bosi mwenyewe hajui. Mimi si meneja, baba. Mimi nagawa funguo tu."

Nilicheka, utanisamehe. Maneno hayo, "mimi si meneja", nimeyasikia kwa kila mtu aliyewahi kunisimamia vizuri, akiwemo mama yako.

Unajua kwamba baba yako amesoma. Nilipostaafu stoo ya mbao nilijiandikisha masomo ya jioni ya usimamizi wa miradi, katika darasa lenye baridi ya kugandisha chaki. Mwalimu alikuwa kijana ambaye ningeweza kumzaa, na nguvu za kumzaa mdogo wake zikabaki. Nilifaulu mpaka mkoa ukatikisika. Cheti changu ni kizito, tulipokitundika ukuta uliguna. Lakini mwalimu alipoandika ubaoni habari za kazi zinazotegemeana, na za kutoa taarifa mapema, wenzangu walinakili, mimi nikasikia harufu ya ulanzi darasani.

Ngoja nikueleze harufu hiyo ilitoka wapi.

Shangazi yangu Tumaini, unayemwita bibi, alikuwa mjane tayari siku hizo. Mvua za kwanza ziliangusha nyumba yake ya zamani, kule kijijini kwetu njia ya Njombe, akawa analala na wajukuu kwenye jiko la jirani, moshi wao, viroboto wao. Ukoo ukajikusanya, kuta mpya zikasimama za matofali mabichi. Na tofali bichi, mwanangu, ni sukari iliyopewa umbo. Likipata paa litakaa mpaka Kristo arudi. Likipata mvua, linarudi kuwa shamba. Mvua ilikuwa imepumzika kidogo, kila mtu anajua haijaondoka. Kwa hiyo haraka yote ilikuwa hiyo: paa liwahi mvua, shangazi apate pa kulala.

Ukoo ukanichagua mimi kuwa msimamizi. Sababu? Nilikuwa karani wa stoo ya mbao Makambako, nilivaa viatu vya ngozi, na nilikuwa na kalamu mfukoni. Kwetu ukiwa na kalamu mfukoni unaweza kupewa hata ng'ombe mgonjwa umtibu.

Tukaamua kuita mgowe, ile kazi ya kualikana, ambayo jirani anakuja na mikono yake na wewe unamlipa chakula na kinywaji. Msimu ule kinywaji ni ulanzi. Wewe umekulia mjini, acha nikukumbushe tabia yake. Mwanzi mchanga unakatwa ncha, maji yanadondoka. Yakigemwa asubuhi ni mtogwa, matamu, hata mzee wa kanisa anakunywa mbele ya mchungaji. Kesho yake ni mkangafu, na huo unampiga mtu mweleka akiwa amekaa. Ulanzi hauna subira. Una siku yake, na siku hiyo ikifika utanyweka, paa liwepo lisiwepo.

Basi mimi nikapanga ulanzi kama jemadari anavyopanga vita. Nilizungukia wagema wote, huyu madumu yake, yule madumu yake, wote Jumamosi asubuhi. Nikapanga kuku, nikapanga ugali, nikapanga hata mtu wa kuanzisha nyimbo. Mbao za kenchi, za kubebea bati, je? Aa, mbao zilikuwa zinakuja. Dereva wa lori nilimwambia, kiwanda cha mbao nilikiambia. Mipango si matumizi, wahenga walisema, ila wahenga hawakuwa na viatu vya ngozi.

Alhamisi dereva akasimama dirishani kwangu, amevua kofia.

"Karani, kule kiwandani kuna msiba. Mwenye mashine amefiwa na mama yake."

"Poleni sana. Wanazika lini?"

"Wanangoja watoto kutoka Songea. Mpaka wazike, ule msumeno haulii."

Huko kwetu hilo halina mjadala. Msiba ukiingia, kazi inakaa chini pamoja na wafiwa. Mtu hawezi kwenda kwa aliyefiwa na mama akaanza kumuulizia kenchi, labda awe hana mama. Kwa hiyo Alhamisi ile, saa ya chai, mimi nilijua kwamba Jumamosi hakuna mbao. Nilijua peke yangu.

Na mabasi ya Njombe yalipita mlangoni kwangu kutwa nzima! Kumpa konda ujumbe ilikuwa kunyoosha mkono tu. Sikuunyoosha. Niliona aibu. Madumu yameshaagizwa, watu wameshaalikwa, watasema huyu ni msimamizi gani? Nikajiambia Mungu atafungua njia, labda watoto wa Songea watawahi. Mwanangu, nilimkabidhi Mungu kazi ambayo yeye alikuwa amenikabidhi mimi.

Jumamosi ikafika, tena kwa kelele. Watu walikuja kama wanagawiwa mashamba. Salamu za kamwene huku, kamwene kule, madumu yanashushwa. Mafundi wakapanga nyundo zao, wakakaa juu ya mafungu ya bati, wakaangalia barabara. Barabara nayo ikawaangalia. Asubuhi walikunywa mtogwa kwa adabu. Jua lilipopanda, ule ulanzi nao ukapanda cheo.

Mjomba Zakaria, ambaye alikuwa na mdomo wa kulisha kijiji, ndiye aliyeanza.

"Msimamizi! Tupe ngazi tupaue hewa!"

"Mwacheni jamani," akasema mwingine, "mbao za Makambako hazionekani kwa macho ya kijijini."

"Basi tugongelee hivyo hivyo. Nani ana misumari ya kupigilia wingu?"

Na wingu lenyewe likasikia linatajwa. Lilitokea upande wa Kitulo, jeusi kama sufuria ya kipaimara. Vicheko vikakatika kimoja kimoja. Shangazi alitoka jikoni kwa jirani, mikono imejaa unga wa ugali, akaangalia mbingu, akaangalia kuta zake, halafu akaniangalia mimi.

"Mwana wa kaka, mbao ziko wapi?"

"Hazijapasuliwa, shangazi. Kiwandani kuna msiba."

Hakuuliza zaidi. Hakuwa na muda wa kunikasirikia. Alipanda juu ya dumu lililokwisha na sauti yake ikafika Lupingu ziwani, wavuvi wakainua vichwa.

"Nani bado anasimama bila kushikwa? Wewe, na wewe, na wewe: mafundi, pandeni, lazeni bati juu ya kuta, mzikandamize na mawe. Wanawake, nyasi, zile za bondeni. Watoto, nyumba ambazo wana turubai, moja moja, kimbieni. Zakaria!"

"Naam, dada."

"Unaweza kufanya nini?"

"Kulala, dada."

"Basi lala kwenye ncha ya turubai ile, upepo usiibebe."

Na alilala, mwanangu. Nakuapia, kazi yote ile hakuna aliyeifanya kwa uaminifu kama Zakaria. Mvua ilimpiga, upepo ukamvuta, hakutikisika mpaka mwisho.

Lakini nyasi zilikuwa mbali, na nusu ya mikono ilikuwa imeshalegea kwa kinywaji nilichokipanga vizuri namna ile. Mvua ilifika kabla hatujafunika upande wa jiko. Ukuta wa jiko haukuanguka kwa kishindo. Ulikaa chini taratibu, kama mzee anayetafuta kigoda. Shangazi alisimama kwenye mvua akiuangalia mpaka ukaisha.

Wengine walipotawanyika, alinikuta nimejibanza chini ya upenu. Nilingoja matusi. Akaniuliza kwa upole, na upole ule ndio ulioniumiza.

"Ulijua lini?"

"Alhamisi, shangazi."

Akafuta uso kwa ncha ya kitenge.

"Alhamisi nyasi zilikuwa kavu, na watu walikuwa wazima. Ungeniambia Alhamisi, Ijumaa tungeezeka nyasi, leo tukanywa ulanzi wetu kwa amani, mbao zikaja zitakapokuja. Msiba si kosa lako, baba. Kuninyima ile Ijumaa ndilo kosa lako." Kisha akasema lile neno ambalo cheti changu chote hakilifikii: "Habari mbaya ya Alhamisi ni kazi. Habari mbaya ya Jumamosi ni matope."

Halafu akaniletea ugali na paja la kuku. "Kula. Kesho unakanyaga udongo."

Nilikanyaga. Kila mapumziko nilipanda basi nikaenda kukanyaga udongo, viatu vya ngozi nimevitundika mtini, na awamu hii tulichoma matofali kabisa. Waliozika walizika, msumeno ukalia tena, paa likapanda. Shangazi naye alikaa na wajukuu kule kwenye moshi wa jirani muda wote huo wa ziada, na sikumsikia akilalamika hata mara moja, afadhali angelalamika. Umefika kwake, umeona mwenyewe: kuta zote za kijivu, ukuta wa jiko mwekundu. Mpaka leo nikienda kumsalimia ananiwekea kigoda kikitazama ukuta huo, ananimiminia chai, anatabasamu.

Sasa, mwanangu, turudi kwenye pampu yako. Umechoka na umeogopa, najua, na si haki mtu mmoja kurushiwa kwaya nzima siku moja. Lakini usiseme wewe si meneja. Kazi yoyote yenye mwanzo, yenye mwisho na yenye zaidi ya mtu mmoja ndani yake inataka mtu wa kuitazama yote. Muuguzi anayo, dereva anayo, mama wa mgahawa anayo. Kabla ya kupanga chochote jiulize ni kipi hakiwezi kungoja na ni kipi kinapaswa kutangulia, kisha kile kisichongoja kiite mwisho. Usifanye kama mimi niliyeita ulanzi kabla ya mbao. Chakula cha kwaya usikianzishe kabla hujajua maji yanatoka wapi. Gari la stesheni lipe jina la mtu mmoja. Likiwa la wote, treni itafika na wote watakuwa wanatazamana. Waulize wenzako wanaweza nini, na usimdharau wa mwisho, labda ndiye Zakaria wako. Na moyoni jiwekee Alhamisi yako, siku ya kuuliza mambo yamefika wapi wakati bado kuna nafasi ya kukimbia.

Zaidi ya hayo yote, sema mapema. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilihitaji basi na konda. Wewe simu iko mkononi, umeshaniambia mimi, na mimi sina pampu! Bosi anaweza kukunja uso, ndiyo. Uso utakunjuka. Ukuta ulioyeyuka haukunjuki. Mwambie pampu imekufa, mwambie umefikiria nini: maji ya kuletwa kwa gari, au vyumba vya jirani kwa siku hiyo. Akiamua, yatakuwa yenu wawili. Kwaya inashuka Jumamosi, siyo? Na leo ninapokuandikia ujumbe huu kwa simu ni Alhamisi.

Basi mpigie sasa, kabla chai yako haijapoa, na kwa baridi yetu hii una muda mfupi sana. Mungu wa shangazi yangu akupe ulimi usioogopa na watu wasiochoka. Kazi ya mikono yako ipate paa kabla ya mvua, na siku ya furaha yako ulanzi ukute nyumba imeshasimama. Amina, mwanangu. Piga.