Mafindofindo ya Biju

Mbwa yule aliachwa Moroni na mwalimu mmoja Mfaransa, mwaka ule visiwa vya Komoro vilipojitangazia uhuru na Wafaransa wakafunga virago kwa mkupuo. Alikuwa mdogo, mweupe, wa miguu mifupi, na mwenyewe alikuwa akimwita Bijou, jina ambalo mtaani lilitamkwa Biju. Kwa mwaka mzima na zaidi aliishi kwa kudowea majalala ya karibu na bandari ya zamani, akipigwa mawe na kila mpita njia, mpaka alipokuja Zoubeida.

Zoubeida alikuwa mzaliwa wa Mutsamudu, mji wa kisiwa cha Nzwani, lakini umri wake mwingi aliumalizia Majunga, huko Bukini, yaani Madagaska, alikoolewa na Mngazidja, mtu wa kisiwa cha Moroni, mwenye duka la vyombo. Hawakujaliwa mtoto, wakamchukua kumlea Djaouharia, binti wa kaka yake Zoubeida, tangu hajang'oa meno ya utoto. Kisha ikaja Desemba ya 1976, Wakomoro wa Majunga wakavamiwa na kuuawa majumbani na barabarani. Mume akafa. Djaouharia naye akafa. Zoubeida akatiwa ndegeni pamoja na walionusurika, akashushwa Moroni na nguo aliyovaa, hana hata kijiko.

Alipokewa na wifi yake, Zouhoura, dada wa marehemu mumewe. Siku za mwanzo walilia pamoja. Lakini machozi nayo hukauka, na yalipokauka Zouhoura akaanza kumtazama mgeni wake kwa jicho la mtu anayejiuliza kwa nini amerudi huyu na si ndugu yangu. Hakulisema neno hilo hata siku moja, ila Zoubeida alilisikia kila aliposukumiwa sahani.

Biju alimfuata siku moja kutoka sokoni, kwa harufu ya samaki. Zoubeida alimtupia kichwa cha samaki. Kesho yake akamkuta mlangoni.

"Wifi, umetuletea najisi nyumbani!" Zouhoura akapiga kelele. "Humu watu wanaswali!"

"Hataingia ndani. Atalala jikoni, uani."

"Na wewe utakayemshika, utalala wapi?"

"Nitalala jikoni naye."

Zouhoura alidhani ni maneno ya hasira. Lakini Zoubeida alihamisha mkeka wake siku hiyohiyo, akautandika kando ya mafiga. Watu walisema amerukwa na akili kwa yaliyompata Majunga, na kwa kuwa walisema hivyo, walimwacha. Mwenyewe alijua jambo moja tu, kwamba mbwa yule akilala mgongoni pake, usingizi ulikuja.

Mvua zilipokwisha, Biju akaugua. Alinyoosha shingo, akakohoa kama aliyekwamwa na mwiba, akatapika povu jeupe. Chakula alikisogelea, akakinusa, akakilamba, akarudi nyuma. Chini ya taya palivimba, masikio yalikuwa ya moto. Zoubeida alimwekea maji; akajaribu kumeza, akalia kwa sauti nyembamba, maji yakamtoka puani.

Pale Zoubeida alitoka mbio. Angeweza kuvumilia mengi, lakini si kumtazama kiumbe akishindwa kumeza maji.

Alimwendea Tadjidine, mtu wa Mutsamudu kama yeye, aliyekuwa mtibabu wa mifugo wa serikali. Kazi yake ilikuwa ng'ombe na mbuzi, na alicheka kusikia habari ya mbwa, lakini alikuja. Alimbana Biju magotini, akamkandamiza ulimi kwa mpini wa kijiko, akachungulia.

"Njoo uone mwenyewe, bibie. Pande zote mbili."

Zoubeida akainama. Nyuma kabisa ya koo aliona vinundu viwili vimetokeza, vyekundu kama basibasi inapochunwa kwenye kungumanga.

"Mafindofindo," Tadjidine akasema. "Kama ya mtoto. Ameishi kwa kula uchafu, meno yamemwoza, na ule uozo unashuka kooni kila siku."

Alimchoma sindano ya penisilini, akamng'oa meno mawili mabovu, akamwelekeza Zoubeida ampe uji mwepesi usio moto. Baada ya siku chache Biju alikuwa akikimbiza kuku. Zoubeida aliosha mikono yake kama sheria inavyotaka kwa aliyeguswa na mate ya mbwa, maji mara saba na mojawapo kwa udongo, na aliiosha kwa furaha.

Lakini maradhi yale yalirudi. Yalirudi mwezi uliofuata, yakaondoka, yakarudi tena. Kila yaliporudi yalimkuta mbwa amekonda zaidi na dawa imepungua. Wafaransa walikuwa wamekata misaada yao, meli za dawa haziji, na sindano iliyobaki ilikuwa ya kugombewa na watu, seuze mbwa. Zoubeida akawa anamtia maji ya chumvi mdomoni kwa kitambaa, tone kwa tone, na vidole vyake vikawa haviishi vidonda vya meno wala harufu ya udongo.

Mwaka huohuo serikali ya rais Ali Soilih ikawafukuza kazi wafanyakazi wake kwa maelfu. Vijana wa kamati za mapinduzi, waliokuwa juzi tu wakikaa madarasani, ndio wakawa wenye amri. Tadjidine alikuja kuaga akiwa na mfuko mmoja.

"Narudi kwetu Mutsamudu," alisema. "Nikueleze kweli, bibie. Dawa haipo tena, na hata ikiwapo itatuliza tu. Yale mafindo yamekwisha kuwa magumu. Yasipokatwa, siku moja yatavimba yakutane katikati, atakufa kwa kukosa pumzi. Vifaa vyangu viko kwetu. Ukitaka akatwe, mlete."

"Nimlete Mutsamudu?"

"Si kwenu pia?"

Ulikuwa karibu mwaka sasa tangu Zoubeida ashuke Moroni, na hakuwa amekwenda Mutsamudu. Kule alikuwako kaka yake Hamidou, babake Djaouharia. Walikuwa wamemfikishia habari ya kifo, basi. Namna ya kifo hawakuijua, na aliyeijua ni yeye peke yake. Kila alipoletewa salamu za kaka yake kwamba anamngoja, alisema anaumwa miguu.

Biju alipoanza tena kutokwa povu, na safari hii akawa anapumua kwa mlio kama msumeno, Zoubeida alimtia ndani ya kapu, akamfunika kwa kitambaa, akapanda chombo cha mizigo kinachokwenda Nzwani. Zouhoura alimsindikiza mpaka mlangoni, asiende mbele zaidi.

"Utarudi?" aliuliza.

"Sijui, wifi."

"Basi nisamehe," akasema Zouhoura, akarudi ndani upesi.

Mutsamudu nyumba ni ya mwanamke, na nyumba ya mama yao kule mtaa wa Hombo ilikuwa haki ya Zoubeida miaka yote ile, ingawa aliiacha ikafungwa. Ufunguo alikuwa nao Hamidou, aliyekaa kwa mkewe, Roukia, mamake Djaouharia, mji wa juu. Alikuwa mwalimu wa Kurani, na visiwani mwalimu kama huyo huitwa Fundi. Fundi Hamidou alikuja na ufunguo mkononi. Alikuwa amezeeka kuliko Zoubeida alivyotarajia. Ndevu zote nyeupe, na tangu vijana wa kamati walipomtolea maneno ya kejeli mbele ya wanafunzi wake, alikuwa amezoea kutembea akitazama chini.

Walipeana mkono. Akaliona kapu.

"Una nini humo?"

"Mbwa, kaka. Mgonjwa."

Hamidou alifungua mlango. "Mpeleke uani," akasema.

"Wifi Roukia hajambo?"

"Hajambo. Amesema hatakuja."

Tadjidine alifika kesho yake asubuhi, na mkasi mrefu, koleo jembamba, pamba, na kichupa cha dawa ya usingizi kilichobaki matone ya kuhesabika. Aliwaambia wazi kwamba dawa ile itamlegeza mbwa tu, haitamlaza. Alihitaji mtu wa kuyashika mataya yakae wazi, asiyetetemeka. Zoubeida akajaribu. Mikono yake ilitetemeka mpaka meno ya Biju yakagongana.

"Hapana, bibie. Utanifanya nimkate ulimi."

Hamidou alikuwa amekaa kizingitini na tasbihi yake. Hakuna aliyemwomba. Aliiweka tasbihi juu ya dirisha, akakunja mikono ya kanzu mpaka juu ya viwiko, akaja kupiga magoti.

"Nionyeshe," alimwambia Tadjidine.

Akashika taya la juu kwa mkono huu na la chini kwa mkono ule. Mate yalimtiririka mpaka mapajani. Tadjidine alilibana findo la kwanza kwa koleo, akakata. Biju alilia ndani ya koo, damu ikajaa mdomo, pamba ikaingia, ikatoka, ikaingia nyingine. Wakasubiri, pamba imekandamizwa pale, damu ikatike kabla ya kukata la pili.

Ndipo Hamidou aliposema, bila kuinua uso, mikono ingali mdomoni mwa mbwa: "Mwanangu alikufaje?"

Zoubeida alikuwa ameshika miguu ya Biju. Hakuwa na pa kukimbilia.

"Alipigwa panga la shingo," alisema. "Halikumaliza. Tulifika naye kambi ya askari, walikokusanywa watu wetu. Siku mbili aliishi. Alikuwa akitaka maji, kaka, na maji hayapiti. Nikimtia kwa kitambaa yanarudi. Alikuwa akinitazama tu, na mimi nalowesha kitambaa."

Tadjidine aligeuza uso ukutani.

"Shahada alitamka?"

"Sauti haikuwapo. Nilimtamkia mimi sikioni."

"Alioshwa?"

Hilo ndilo swali alilolikimbia mwaka mzima. "Hapana," akasema. "Maiti walikuwa wengi. Walipakiwa kwenye magari, wakafukiwa pamoja. Hakuoshwa, hakuvishwa sanda. Wala sijui ni shimo lipi."

Hamidou alibaki kama alivyo. Machozi yalimshuka kwenye ndevu na hakuwa na mkono wa kuyafuta. Kisha akasema, "Aliyeuawa kwa dhuluma, mwenye kumpokea anamjua." Akamtazama Tadjidine. "Kata la pili."

Kazi ilipokwisha, Zoubeida alimmiminia kaka yake maji. Aliosha mikono mara saba, na udongo wa uani, mpaka kwenye viwiko, polepole, kama mtu anayeosha kitu kisicho chake. Kisha akaingia ndani ya nyumba ya mama yao, akafunga mlango. Waliomsikia akilia walikuwa ni dada yake na yule mtibabu asiye na kazi, na wote wawili walitulia palepale uani.

Biju alipona. Juma la kwanza alikunywa uji wa wali uliopoa. La pili akala muhogo uliopondwa. La tatu akabweka, sauti nzito kuliko ya zamani, hata Tadjidine akacheka. Mafindofindo hayakumrudia tena. Hamidou alikuwa akija kila baada ya alasiri, anakaa kizingitini, anauliza habari za Djaouharia alipokuwa mzima: alikuwa akipenda nini, alifika sura gani katika Kurani, alifanana na nani akicheka. Zoubeida alimweleza yote. Roukia hakuja. Siku moja alileta sahani ya chakula kwa mkono wa mumewe, na Zoubeida alipoirudisha na salamu, sahani haikuja tena. Machoni pa Roukia, kosa la Zoubeida lilikuwa kurudi peke yake, na kosa hilo halina kafara.

Mwanzoni mwa 1978 uvumi ukaenea kwamba imetolewa amri mbwa wote wauawe. Sababu kila mtu alikuwa na yake. Wengi walinong'ona kwamba mpiga ramli amemwambia rais atauawa na mtu mwenye mbwa. Wengine walisema ni ushenzi wa vijana tu, waliochoka kuwapiga watu. Hamidou alimshauri dada yake amfungie Biju ndani.

"Ndani, kaka?"

"Ndani. Nyumba itaoshwa."

Wakamfungia chumbani kwa marehemu mama yao. Alikuwa akinyamaza vizuri. Lakini vijana wa kamati walipopita Hombo na marungu yao, na mbwa wa mitaani wakaanza kulia huko nje, Biju naye alibweka, kwa koo lake zima lililopona. Walivunja komeo. Zoubeida aliwaambia ni mbwa mgonjwa, hana meno. Mmoja wao, aliyekuwa mwanafunzi wa Fundi, alimwomba radhi kwanza, "Nisamehe, mama," ndipo akampiga Biju kwa rungu. Lilikuwa pigo moja.

Hamidou alikuja na jembe. Walimzika nyuma ya choo, kwa sababu uani palikuwa na kisima. Zoubeida alimfunga kwa shuka lake la kulalia, na kaka yake alimwona akifanya hivyo, akaendelea kuchimba.

Baada ya hapo Zoubeida hakurudi Moroni. Aliishi katika nyumba ile ya Hombo, akiwafulia watu nguo, na hata serikali ile ilipopinduliwa mwezi wa Mei, na watu wakatoka barabarani kushangilia, yeye alikuwa uani na beseni lake. Hamidou aliendelea kuja baada ya alasiri. Siku nyingine walizungumza. Siku nyingi walikaa tu, mpaka adhana.