Ngoja Afike Saba

Kutoka Moshi hadi Durban nilitumia siku saba. Basi la kwanza lilitufikisha Tunduma miguu ikiwa imevimba, la pili likatupeleka Lusaka, la tatu Harare. Beitbridge watu wa forodha walitushusha wote, wakaamuru kila begi lifunguliwe chini, kwenye vumbi. Miaka miwili kabla ya hapo nilikuwa nimekaa Lusaka na kujifunza ufundi wa mabegi, kwa hiyo nilipitisha macho kwenye mstari ule kwa jicho la kazi: zipu zilizong'oka, magurudumu yaliyolika upande mmoja, vishikio vilivyofungwa kwa kamba ya katani. Niliwaza kwamba huko mbele sitakosa riziki. Hilo ndilo wazo pekee ninalolikumbuka la safari ile. Mengine ni baridi ya Johannesburg alfajiri, na mteremko mrefu wa mwisho, hewa ikizidi kuwa nzito na ya joto kadiri tulivyoshuka, mpaka nikavua sweta niliyoivaa tangu nyumbani.

Nilikuwa nimetoka kumzika baba. Baba alikuwa mpagazi wa mlimani, mmoja wa wale wanaobeba mizigo ya watalii mpaka kwenye theluji na kurudi wamebabuka midomo. Mimi nimekulia kihambani, kwenye migomba, ambako theluji ileile huonekana kila asubuhi kabla mawingu hayajaifunika. Nimeiona maelfu ya asubuhi na sikuwahi kuigusa. Safari moja baba alinijazia theluji kwenye chupa ya chai, akashuka nayo siku mbili. Tulipoifungua yalikuwa maji. Mama akayachemsha, tukanywa chai.

Durban nilipata kibanda Greyville, kati ya duka la vipuri vya baiskeli na jamaa mmoja wa Tanga aliyeuza makava ya simu. Nilibadilisha zipu na magurudumu. Mwaka wa pili nilikutana na mwanamke wa Bukavu aliyesuka nywele kwenye saluni moja ya Wakongo kule Point. Tukaoana, tukapanga chumba na sebule karibu na saluni yake, na mwaka uliofuata tukapata binti. Binti alipokuwa na miaka miwili niliondoka nikaenda Maputo kwa wiki tatu kutafuta vipuri. Nilirudi baada ya miezi minane. Sikuwa mgonjwa, sikuwa na mwanamke mwingine. Nilikuwa nimefika Maputo, kisha nikasikia habari za Beira, kisha za Nampula. Niliporudi mke wangu alinifungulia mlango, akanipa chakula, na hakuniuliza chochote. Akachukua sanduku langu, akalijaza mablanketi ya mtoto, akalisukuma chini ya kitanda. Likakaa huko.

Habari ya theluji ilianzia ndani ya begi la mteja. Nilikuwa nang'oa bitana nibadilishe kishikio, kikatoka kijitabu cha matangazo chenye picha za watu wanaoteleza juu ya mbao. Mwenye begi alisema nikitupe. Nilikwenda nacho nyumbani kwa sababu ukurasa wa nne ulikuwa na mtoto wa kimo cha binti yangu, amevaa helmeti nyekundu, amesimama kwenye theluji bila kumshika mtu mkono. Binti yangu, wakati huo ana miaka sita na yuko darasa la kwanza, alikiweka chini ya mto wake. Baada ya siku tatu alijua kila picha, na aliniuliza kama wale watoto walizaliwa wakijua au walifundishwa. Nikamwambia walifundishwa. Akasema basi na yeye afundishwe.

Nikaanza kutafuta kwenye simu. Kutoka Durban unaweza kufika kwenye theluji kwa siku moja, jambo ambalo watu wengi wa pwani ile hawalijui. Nilipata sehemu mbili. Moja ilikuwa Lesotho, juu sana, yenye shule ya watoto kuanzia miaka minne: mwalimu wao peke yao, uwanja wao mdogo, asubuhi masomo, mchana kucheza. Ya pili ilikuwa upande huu wa mpaka, sehemu ndogo yenye mteremko mmoja wa maana na nyumba ya kulala wageni. Huko masomo yalianza miaka saba. Niliziandika mbili zile kwenye karatasi, kila moja na mambo yake, na kila jioni nilipofika nyumbani binti alikuwa ameongeza kitu kwa penseli upande wa Lesotho. Alichora jua. Alichora mbwa, ingawa hakuna aliyesema kuna mbwa.

Fomu ya Lesotho ilitaka urefu wa mguu wa mtoto, ili wamtayarishie viatu. Kwetu baba alipokwenda mjini kununua viatu hakuwachukua watoto. Alikata ganda la mgomba kwa urefu wa wayo, akafunga fundo, akalitia mfukoni, kila mtoto na fundo lake. Durban sikuwa na migomba. Nilikata boksi la nafaka za chai ya asubuhi, binti akakanyaga, nikazungusha kalamu. Alicheka kwa kutekenywa, mstari ukaenda upande kwenye kidole gumba.

Jamaa wa Tanga alipokiona kile kipande cha boksi kazini na kuelezwa, aliegemea kaunta yake.

"Mchagga wewe," alisema, "kwenu baridi ya bure. Umeikimbia nchi nne, sasa unakwenda kuilipia."

Nikamwambia ni ya mtoto.

"Mtoto gani? Huyo aliyezaliwa ufukweni? Sema ukweli, bwana. Ni wewe."

Nilikirudisha kile kipande mfukoni, maana nusu ya aliyosema ilikuwa kweli.

Mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho nilipomwonyesha karatasi yenye sehemu mbili. Yeye alikuwa mkimbizi mwenye karatasi, na karatasi ile ilimruhusu kukaa Afrika Kusini, haikumruhusu kutoka na kurudi. Mimi nilikuwa na pasipoti ya Tanzania yenye kibali. Kwa hiyo Lesotho maana yake ilikuwa mimi na mtoto, na ili nivuke na mtoto ilitakiwa barua ya mama yake, iliyoapiwa polisi, kwamba amekubali. Barua nilikuwa nimeshaipiga chapa, ilibaki sahihi. Aliisoma mara mbili. Alikuwa mtu wa kusoma polepole kwa Kiingereza, kidole kikifuata mstari. Kisha akaiweka juu ya friji, ikakaa huko wiki mbili, na katika wiki hizo hakuna aliyeitaja isipokuwa binti, aliyeuliza kila asubuhi kama mama ameandika jina lake.

Jibu alinipa siku ya Jumapili tukitoka kanisani kwao, tunatembea kando ya bahari, mtoto ametangulia.

"Siko nakatala juu ya mutoto," alisema. "Niko nakatala juu yako."

Nikamwambia ni siku nne tu.

"Maputo ilikuwa wiki tatu."

Tukatembea. Nilitaka kusema kwamba safari hii ni tofauti, kwamba kuwa na mtoto mkononi humrudisha mtu. Lakini nilikuwa nimeshaangalia kwenye ramani barabara inayotoka Lesotho upande wa pili, kuelekea Bloemfontein, na nilikuwa nimejiuliza huko kukoje. Yeye hakuyajua hayo. Alinijua mimi, na hiyo ilimtosha.

"Ile ingine ya upande wa huku," alisema, "inachukua batoto ya miaka saba. Ngoja afike saba. Kama ungali hapa, tutaenda siye wote batatu."

Hivyo ndivyo tulivyochagua. Binti alilia jioni ile, kisha akahesabu kwa vidole miezi ya kufika saba, akaona vinamtosha na kubaki, akanyamaza. Niliielewa ile "kama" ya mke wangu. Mwaka mzima mbele yangu haukuwa tena na neno jingine.

Nilikaa. Sijui kama wanaokaa maisha yao yote wanajua kukaa ni kazi. Mwezi wa nane mwenzangu wa Lusaka alinipigia kuniambia kuna karakana Windhoek inatafuta fundi wa ngozi na mabegi, nikamwambia mwakani. Krismasi mabasi yalipojaa nilikwenda mara mbili stesheni, nikanunua mahindi, nikarudi. Mke wangu alijua. Nikichelewa alimwambia mtoto baba amepata kazi nyingi, nami nikifika aliniangalia viatu kama vina vumbi. Hakunisifu kwa kukaa, na mimi sikujisifu. Tulikuwa kama watu wawili walioshika ncha za shuka wanalikunja, wakisogea polepole.

Mwezi wa sita shule zilipofungwa tulikwenda. Tulipanda taksi, ambayo huko ni daladala, hadi Kokstad tumebanana na mabegi ya nguo za mitumba, makoti ambayo Durban hayana kazi. Tukalala huko kwa rafiki wa mke wangu, na kesho yake gari la wenyeji likatupandisha milimani kwa barabara ya mawe. Nilikuwa nimetegemea nchi nyeupe. Niliona milima ya majani makavu, ya kahawia, na katikati yake utepe mmoja mweupe kama shuka lililoanikwa. Theluji ya mbinguni mwaka ule ilikuwa haba. Hii waliitengeneza kwa mashine. Mabomba yalisimama kando ya mteremko yakiwa bado yanadondoka.

Niliinama nikaigusa. Ilikuwa ya chembechembe, ngumu kuliko nilivyofikiri, na haikuwa na harufu. Mke wangu alikuja akasimama karibu, amevaa makoti mawili na kilemba juu ya kofia.

"Ni hii tu?" aliuliza.

"Ni hii."

Akaokota kidogo, akaiangalia ikiyeyuka, akajifuta kwenye koti. Akaenda kukaa juani.

Mwalimu alikuwa msichana wa huko huko, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Watoto walikuwa watano. Asubuhi yote ya kwanza hakuwafundisha kuteleza, aliwafundisha kusimama: vidole vikutane, visigino viachane, mbao zifanye kipande cha pizza. Aliwaambia asiyejua kusimama haruhusiwi kuanza. Binti yangu alianguka mara nyingi na hakulia hata mara moja. Siku ya pili aliteremka peke yake, mikono ameitanua, akafanya pizza yake mbele ya mama yake na kusimama hatua mbili kutoka kwenye kiti. Mke wangu alipiga kigelegele kimoja, cha Bukavu, watu wote wakageuka.

Mchana ule nilikodi mbao na mimi. Binti alinishika kiuno kunionyesha. Nilianza vizuri. Nilipita mbele yake, nikapita kiti cha mke wangu, nikaishia kwenye wavu wa chini, miguu juu. Binti alinifuata, akasimama kando yangu kwa ufundi.

"Eish, Baba," alisema. "Unajua kuanza tu. Kusimama hujui."

Mama yake alicheka mpaka akatoa machozi. Mimi pia nilicheka, nimelala pale. Hatukuwahi kucheka hivyo sote watatu, na nadhani mke wangu ndiye aliyeacha kwanza.

Tulirudi Durban. Nilifanya kazi mpaka mwezi wa pili wa mwaka uliofuata, na kazi ilikuwepo. Sina sababu nzuri ya kutoa. Nilichokuwa nimengojea kilikuwa kimepita, basi, na Windhoek walipiga tena. Siku moja nilirudi kutoka kazini nikakuta mablanketi ya mtoto yamekunjwa juu ya kabati, na sanduku langu liko katikati ya chumba, limepanguswa, wazi. Mke wangu alikuwa anapika.

"Ile zipu ya pembeni imekufa," alisema bila kugeuka. "Itengeneze mbele ya kuenda."

Nilimwambia nitatuma nauli, watakuja kunitembelea. Akanikumbusha karatasi yake haivuki mpaka. Hakusema kwa uchungu, alinikumbusha tu, kama mtu anavyokumbushwa ufunguo.

Niliondoka Jumamosi asubuhi. Binti alikuwa macho, amevaa nguo za nyumbani. Mama yake alikuwa amemweleza, na sikuuliza kwa maneno gani. Hakuniuliza nitarudi lini. Alileta kile kipande cha boksi. Sikujua kwamba alikitunza. Kulikuwa na mstari wa miaka sita, ulioharibika kwenye kidole gumba, na nje yake ule wa miaka saba tulioupima kabla ya kwenda milimani. Alikiweka sakafuni, akakanyaga, akainama na kuzungusha kalamu mwenyewe, taratibu, mpaka mstari ukafunga.

"Ukiona viatu huko," alisema.

Nikakitia sandukuni kati ya mashati mawili ili kisijikunje. Mama yake alinisindikiza hadi mlangoni, akanitengeneza kola, akarudi ndani kwa sababu alikuwa na mteja wa saa tatu. Kituoni nilipakia sanduku chini ya basi, nikapata kiti cha dirishani. Tulipoanza kupanda kutoka pwani nilihesabu. Miguu ya umri ule hukua haraka. Kipimo kile kingefaa miezi mitatu, minne hivi.