Tableti Rahisi Niliyowanunulia Wakulima

Mimi ni karani wa kikundi chetu cha wakulima wa kahawa hapa Karurumo. Juzi nilitumwa Embu mjini kununua tableti ya kuwekea rekodi za kilo za kahawa. Mwenyekiti wetu, Mzee Njeru, alinisihi nichukue yenye betri ya nguvu na kioo kigumu, hata kama ni ghali.

"Mzee, tableti ni tableti," nikamjibu kwa kiburi. "Hizo zingine tunalipia jina tu."

Dukani niliona moja ya bei ya chini kabisa, imevikwa mpira wa rangi ya waridi. Muuzaji akaniuliza, "Mtoto ana miaka mingapi?" Nikadhani anapiga gumzo tu. Nikamwambia wangu wa mwisho ana sita, nikalipa, nikatoka nikijipongeza.

Siku ya mkutano, baada ya maombi, niliisimamisha mezani mbele ya wakulima wote na kuiwasha. Bata wa manjano akatokea akicheza, na sauti nyembamba ikajaza ukumbi: "Hujambo, rafiki! Leo umepiga mswaki?"

Watu wakanitazama. Kisha nyanya mmoja aliyeketi mbele akajibu kwa heshima zote, "Ndiyo, nimepiga."